Kiuno kimekaza kiasi gani? Kupima ukakamavu wa misuli ya mgongo kwa ultrasaundi

Fizio_Kilimanjaro aliuliza:

Wataalamu wenzangu, salaam. Mimi ni mfiziotherapia katika hospitali ya mkoa, na kwa sasa ninaandaa tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu mafundi cherehani wenye maumivu ya kiuno. Wengi wao hukaa kwenye kigoda kisicho na mahali pa kuegemea tangu asubuhi hadi jua linapozama, wameinamia kitambaa, na wanapofika kwangu karibu wote hutumia maneno yaleyale: kiuno kimekaza. Kwa miaka sita nimekuwa nikiupima mkazo huo kwa vidole gumba vyangu tu, kisha ninaandika kwenye faili "amekaza kidogo" au "amekaza sana", maneno ambayo mwenzangu wa zamu inayofuata akiyasoma hayamsaidii lolote.

Mwaka huu idara ya radiolojia ilipata mashine ya ultrasaundi yenye elastografia, yaani uwezo wa kupima ugumu wa tishu, iliyonunuliwa hasa kwa ajili ya ini na matiti, na mkuu wa idara akaniruhusu kuitumia mchana wagonjwa wanapopungua. Nilifurahi sana, kwa kuwa niliamini kwamba hatimaye nitaandika namba. Fundi wa kwanza niliyempima, mama wa miaka arobaini na kitu, alisoma ugumu wa kilopaskali 12 upande wa kulia wa pingili ya 4 ya kiuno. Akainuka kwenda kupokea simu, akarudi, akalala tena kifudifudi, nami nikaweka probu (kile kichwa cha mashine kinachoshikwa mkononi) palepale kadiri nilivyokumbuka. Mara hii mashine ikasoma 27. Hapakuwa na matibabu yoyote katikati. Nimejaribu kwa watu wengine watatu na namba zinarukaruka vivyo hivyo.

Rangi nazo zinanitatiza. Video ya mafunzo niliyoifuata ilionyesha tishu ngumu kwa rangi ya buluu, ilhali kwenye mashine yetu mtu akiikaza misuli kwa makusudi picha inageuka nyekundu.

Ninaomba mnieleze ninakosea wapi, na iwapo kipimo hiki kinafaa kweli kuandikiwa tasnifu, au nirudi kwenye vidole vyangu kabla sijapoteza muda wa mafundi ambao kila saa wanayokaa hospitalini ni nguo isiyoshonwa.

Ultrasaundi_Mwanza alijibu:

Dada, pole kwa usumbufu, na ninakupongeza kwa kurudia kipimo kabla ya kukiamini, maana wengi wangeiandika ile 12 na kuendelea na mgonjwa mwingine. Mimi ni mtaalamu wa ultrasaundi na nimefanya elastografia ya ini kwa muda mrefu kuliko ya misuli, lakini makosa ya mkono ni yaleyale.

Nianze na rangi kwa sababu jibu lake ni fupi. Kuna elastografia za aina mbili. Katika ile ya zamani, mpimaji mwenyewe hukandamiza tishu taratibu kwa probu na mashine hulinganisha ni sehemu gani imebonyea zaidi, na baadhi ya watengenezaji wa mashine hizo walichagua buluu iwe ugumu. Katika aina mpya, ambayo bila shaka ndiyo mliyonayo kwa kuwa inakupa kilopaskali, mashine yenyewe huisukuma tishu kwa mpigo wa sauti, na mara nyingi nyekundu ndiyo ugumu. Usikariri rangi ya video ya mtu mwingine. Soma mstari wa rangi ulio kando ya picha yako kila unapoanza kazi, na uandike kipeo chake cha juu, kwa sababu mtu akikibadilisha kipeo hicho misuli ileile itaonekana ya rangi nyingine.

Sasa mkono. Ninashuku mambo matatu, na la kwanza ni mgandamizo. Misuli iliyo chini ya ngozi ukiikandamiza kwa probu inakuwa ngumu pale pale, kwa hiyo utakuwa unapima uzito wa mkono wako. Weka jeli nyingi kuliko ulivyozoea, kiasi kwamba juu kabisa ya picha uone ukanda mweusi wa jeli kati ya probu na ngozi. Ukanda huo ukitoweka, ujue umeshaanza kukandamiza. Mimi huegemeza kidole cha mwisho na ukingo wa kiganja kwenye mwili wa mgonjwa, uzito wa mkono ukaishia hapo, probu ikabaki inaelea.

La pili ni mwelekeo, na hapa ndipo ninapodhani ile 27 imezaliwa, au pengine ile 12. Misuli si kama ini. Ina nyuzi, na kipimo kikifuata nyuzi kinatoa namba tofauti kabisa na kikizikata kwa upande. Multifidusi, ambayo ndiyo misuli ya ndani iliyo kando kabisa ya uti wa mgongo, nyuzi zake hazishuki wima: zinatoka kwenye mwiba wa pingili ya juu na kushuka zikitanuka kuelekea nje. Tafuta kwanza kile kishimo kinachoonekana juu ya kalio, penye ncha ya mfupa wa nyonga, kisha chora kwa kalamu ya ngozi mstari kutoka hapo hadi nafasi iliyo kati ya pingili ya 1 na ya 2 ya kiuno. Laza probu ikiufuata mstari huo, halafu izungushe kidogo kidogo kwenye picha ya kawaida ya kijivu mpaka uone mistari mirefu inayong'aa, iliyolala sambamba kama miyaa ya ukili na isiyokatika katikati. Hapo ndipo uwashe elastografia, wala si kabla. Alama ya kalamu usiifute hadi vipimo vya siku hiyo viishe, kwa sababu neno "palepale kadiri nilivyokumbuka" linatosha kueleza nusu ya tatizo lako.

La tatu ni mgonjwa mwenyewe. Yule mama aliinuka, akatembea, akazungumza na simu, akarudi akalala. Misuli ya kiuno ndiyo iliyomshikilia wima muda wote huo. Mlaze kifudifudi na mto mwembamba chini ya tumbo, mikono kando ya mwili, kichwa kisigeuzwe upande mmoja leo na upande mwingine kesho, na mwache dakika 10 bila maongezi. Pima mwishoni mwa kutoa pumzi. Subiri sekunde kadhaa rangi zitulie, ganda picha, rudia mara 3 hadi 5 ukiondoa probu kabisa kila mara, kisha chukua wastani. Duara la kipimo, lile unaloliweka juu ya picha ili mashine isome namba ndani yake, liwe ndani ya nyama tu, lisiguse ule utando mweupe mgumu ulio juu ya misuli wala kivuli cha mfupa.

Jambo moja la utu: kiuno na sehemu ya juu ya kalio vitakuwa wazi kwa muda mrefu, na mama wa makamo akiona haya atajikaza bila kujua. Shuka la ziada na mlango uliofungwa vitakusaidia hata kwenye namba.

Mhadhiri_Biomekanika alijibu:

Ninaunga mkono yote aliyoyasema ndugu wa Mwanza, nami ninaongeza jambo ambalo halionekani kwa macho lakini limo ndani ya namba zako.

Mashine hii haipimi ugumu, inapima kasi. Mpigo mzito wa sauti unapoisukuma tishu, huzaa mawimbi yanayosafiri kando ilhali tishu yenyewe inatikisika kwa kukingama na safari hiyo, na kwa sababu hiyo nitayaita mawimbi ya mkingamo. Fikiria kamba ya kuanikia nguo. Ikiwa imelegea, ukiitikisa upande mmoja wimbi hufika upande wa pili likisuasua. Ukiivuta ikakazana, hufika mara moja. Sauti ya ultrasaundi yenyewe hupita mwilini kwa takriban mita 1,540 kwa sekunde, lakini mawimbi ya mkingamo katika tishu laini huenda kwa mita 1 hadi 10 hivi kwa sekunde, na tofauti hiyo kubwa ndiyo inayoiwezesha mashine kuyapiga picha maelfu kwa sekunde moja na kuyaona yakipita. Elastografia ya kukandamiza ilielezwa na Jonathan Ophir na wenzake huko Houston mwaka 1991. Hii ya mawimbi yaliyopigwa picha kwa kasi kubwa iliimarishwa Paris na Bercoff, Tanter na Fink, ambao makala yao mashuhuri ilitoka mwaka 2004.

Kutoka kwenye kasi, mashine hukokotoa ugumu kwa kuzidisha msongamano wa tishu kwa kasi iliyopigwa kipeo cha pili. Ukichukua msongamano wa kilo 1,000 kwa mita ya ujazo, kasi ya mita 2 kwa sekunde inakupa kilopaskali 4. Hiyo ni moduli ya mkingamo, yaani ugumu wa tishu dhidi ya kutikiswa kwa kukingama. Lakini mashine nyingi, zikiwa zimekusudiwa ini na matiti, huendelea kuzidisha kwa 3 ili kukupa moduli ya Young, yaani ugumu wa tishu dhidi ya kuvutwa au kubanwa, kwa kudhania kwamba tishu ina sifa zilezile pande zote. Basi 4 inakuwa 12. Sasa tazama namba zako, dada: 12 ni mita 2 kwa sekunde, na 27 ni mita 3 kwa sekunde kamili. Ulidhani ugumu umezidi maradufu, kumbe kasi imeongezeka kwa nusu, ongezeko ambalo kugeuza probu, kuikandamiza au mgonjwa kutotulia kunaweza kulizalisha bila ugonjwa wowote kubadilika.

Kwa misuli, kule kuzidisha kwa 3 hakuna msingi, kwa sababu nyuzi zinaifanya iwe na ugumu mmoja kwa urefu na mwingine kwa upana. Ninakushauri uende kwenye mipangilio ya mashine, uchague kuonyeshwa mita kwa sekunde, na katika tasnifu uandike kasi yenyewe au moduli ya mkingamo, ukieleza wazi ni ipi. Nimesoma tasnifu za wanafunzi waliolinganisha matokeo yao na makala za nje wakashangaa kuwa Waafrika wana misuli migumu mara tatu, kumbe mmoja aliandika moduli moja na mwingine nyingine. Inaniuma kila ninapoona kazi ya mwaka mzima ikianguka kwa sababu ya tarakimu hiyo moja. Vilevile usilinganishe namba za mashine yako na za mashine ya kampuni nyingine kana kwamba ni uzito kwenye mizani.

Kuhusu kufaa kwake: kinafaa, kikiulizwa swali linalokistahili. Mwaka 2010 Nordez na Hug walionyesha kwenye misuli ya mkono kwamba misuli ikizidi kufanya kazi, kwa kupimwa umeme wake, ugumu wake katika elastografia nao hupanda. Hiyo ni habari njema na pia ni onyo, kwa maana unaposema "misuli iliyopumzika" huna budi kuwa na hakika kwamba imepumzika kweli. Mkipata elektromiografia ya juu ya ngozi, yaani kifaa cha kupima umeme huo wa misuli, itumieni kuhakikisha kimya cha misuli. Kabla ya fundi yeyote kurudi chumbani, wapime watu 10 wasio na maumivu, siku mbili tofauti, mtu mwingine akiwa amekuzibia namba kwenye skrini kwa karatasi hadi umalize. Kutokana nao utajua ni mabadiliko madogo kiasi gani ambayo mkono wako na mashine yako vinaweza kuyaona. Mabadiliko yaliyo chini ya hapo usiyape jina.

Fizio_Mkongwe_Tanga alijibu:

Mwanangu, nimeifanya kazi hii tangu enzi ambazo ultrasaundi kwetu ilikuwa kile kichwa cha kupashia misuli joto, kwa hiyo ninaona fahari kusoma swali lako. Hata hivyo ninataka kukuzuia kidogo kabla hujafika mbali.

Mafundi wako wanaposema kiuno kimekaza, je, una hakika wanazungumzia kitu kilekile ambacho mashine inakipima? Mwaka 2017 Tasha Stanton na wenzake wa Australia walichapisha utafiti ambamo watu wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu waliulizwa wanahisi mgongo umekaza kiasi gani, kisha mgongo ukapimwa kwa chombo cha kuubonyeza. Hisia na kipimo havikuendana. Waliojihisi wamekaza sana hawakuwa na migongo migumu zaidi, ila walikuwa wanahisi kupita kiasi nguvu iliyowabonyeza, kana kwamba mwili unaulinda mgongo kwa kuuita mgumu. Chombo chao hakikuwa elastografia, nalo ni jambo la kuzingatia, lakini funzo linabaki kwamba neno la mgonjwa na namba ya mashine ni mambo mawili, na tasnifu yako itakuwa na thamani kubwa ukiyaandika yote mawili bega kwa bega: fundi akadirie mkazo wake kutoka 0 hadi 10 kabla hujamgusa, kisha upime.

Pili, usisahau picha ya kawaida ya kijivu ambayo tayari unayo. Mwaka 1994 Julie Hides na wenzake wa Queensland walionyesha kwamba kwa watu wenye maumivu mapya ya kiuno, multifidusi ya upande unaouma ilikuwa imepungua ukubwa, na mwaka 1996 wakaonyesha kwamba maumivu yakiisha misuli hiyo hairudi yenyewe bila mazoezi mahususi. Hawakuhitaji elastografia. Walihitaji jicho na rula ya kwenye skrini. Unapomlaza fundi wako, pima na unene, kulia na kushoto, mgonjwa akiwa ametulia na akiwa ameinua mkono wa upande wa pili. Wenye cherehani ya kukanyaga wengi wana mguu wanaoutegemea zaidi, kwa hiyo andika ni upi.

Tatu, na hili nalisema kwa uchungu kwa kuwa nimeliona likitokea: usimwonyeshe mgonjwa picha nyekundu ukamwambia misuli yake ni migumu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno, na inakadiriwa kwamba kufikia 2050 watakuwa milioni 843. Kwa walio wengi hatuwezi kuonyesha sehemu moja iliyoharibika. Mama aliyeambiwa kiuno chake ni "kigumu" ataacha kuinama, ataacha kuchota maji, atazidi kukaa, na mwaka ujao utampokea akiwa na hali mbaya zaidi.

Mhadhiri_Biomekanika alijibu:

Shikamoo, mzee wetu wa Tanga. Ninakubaliana nawe kuhusu picha nyekundu bila shaka yoyote. Kuhusu hisia na kipimo, naomba niongeze upande wa pili kwa heshima. Mwaka huohuo wa 2017 watafiti wa Japani walipima misuli ya kiuno ya watumishi wa afya, vijana na wa umri wa kati, kwa elastografia ya mawimbi, na ugumu wa multifidusi ukaonekana kuhusiana na kuwa na maumivu ya kiuno. Uhusiano huo hauthibitishi kipi kilimzaa mwenzake, kwa sababu anayeumia hujikaza na aliyejikaza muda mrefu huumia. Lakini unatosha kusema kwamba kipimo hiki kisitupwe. Ndiyo maana ningependa dada yetu awapime mafundi walewale Jumatatu asubuhi na Ijumaa jioni. Fundi akilinganishwa na yeye mwenyewe, kwenye mashine ileile na mstari uleule wa kalamu, mengi yanayotuvuruga yanabaki nje, yakiwemo unene wa mafuta chini ya ngozi na umbo la kila mtu.

Fizio_Kilimanjaro alijibu:

Shikamooni walimu wangu, na asante sana kaka wa Mwanza. Nimechukua wiki mbili kujaribu kabla ya kuandika hapa.

Kumbe nilikuwa naiweka probu kwa kukata nyuzi, kama tulivyofundishwa kutazama unene wa misuli, na mashine ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa matiti. Nimeomba mpangilio wa misuli, nimebadili iwe mita kwa sekunde, nimenunua kalamu ya ngozi. Yule mama wa kwanza alikubali kurudi. Baada ya kulala dakika 10, vipimo vitano upande wa kulia vilikuwa kati ya 1.9 na 2.2, na siku ya pili kati ya 1.9 na 2.1. Nilimwomba pia akadirie mkazo wake: siku ya kwanza alisema 8, siku ya pili akasema 5, kwa kuwa alikuwa ameuza magauni ya harusi na usiku alilala vizuri. Misuli haikubadilika, hisia ilibadilika. Nilikaa na karatasi ile mkononi kwa muda mrefu, nikimkumbuka mzee wa Tanga.

Nina tatizo moja lililobaki. Wawili kati ya watu 10 wa majaribio wana mafuta mengi kiunoni, na kwao sehemu kubwa ya duara haina rangi kabisa, au rangi zinakuja na kupotea. Je, niwapime kwa ile probu pana ya tumbo?

Ultrasaundi_Mwanza alijibu:

Hongera, dada. Sehemu isiyo na rangi ni jibu pia: mashine inakuambia kwamba mawimbi hayakusomeka hapo, na ni heri hivyo kuliko ikubunie namba. Mpigo wa kusukuma hudhoofika kadiri unavyopita kwenye mafuta na kina.

Probu ya tumbo inafika chini zaidi, lakini usichanganye namba zake na za probu nyembamba katika jedwali moja. Amua sasa, kabla hujaanza na mafundi, kati ya njia mbili. Ama uwapime wote kwa probu ya tumbo, wembamba kwa wanene, ukikubali picha isiyo kali sana. Ama ubaki na probu nyembamba na uandike kwenye pendekezo lako la utafiti kwamba mtu ambaye rangi haijajaa duara katika picha 3 kati ya 5 hataingizwa kwenye hesabu, kisha uripoti ni wangapi walioachwa hivyo. Mimi ningechagua ya kwanza, kwa sababu wanawake wanene wanaokaa kwenye kigoda siku nzima ni sehemu ya watu uliokusudia kuwasaidia, na sitaki waanguke nje ya utafiti kwa sababu ya kifaa. Jaribu probu hiyo kwa walewale 10, siku mbili, kisha utuletee namba hapa.